Kinacholia Kashani kwa Bibi

Jumatatu, 4 Machi
Nitaandika yote, hata nisiyoyaelewa. Nimeshateka maji, nimeshasoma juzuu. Sasa kidude cha kupimia mionzi. Mwalimu Asya ameniruhusu kuja nacho nyumbani, Ole, mpaka maonyesho ya sayansi. Bomba la kioo, ndani gesi, katikati waya mwembamba. Mionzi ikipita, gesi inapitisha umeme kidogo, kinalia ta. Lakini kinalia hata pasipo na kitu. Mwalimu anasema mionzi kidogo ipo kila pahala, hata udongoni. Sasa nitajuaje penye mionzi mingi?

Jumanne, 5 Machi
Kwenye karafuu zilizoanikwa: ta, kimya, ta. Jikoni vivyo hivyo. Chumbani kwa Bibi, karibu na kasha, kama mvua juu ya bati. Nimebadilisha betri. Vilevile. Naogopa.

Jumatano, 6 Machi
Ndani ya kasha imo sanda ya Bibi. Ameinunua mwenyewe, ameifukiza udi. Hatuligusi. Mama amesema kidude changu kinataka kumzika mama yake, nikirudishe skuli. Bibi amesikia. Anadhani sanda inamwita. Hakula. Mimi ndiye niliyemtia hofu.

Alhamisi, 7 Machi
Mwalimu amesema kidude hakilii hivyo kwa nguo tupu, kasha lifunguliwe. Nani alifungue?

Ijumaa, 8 Machi
Bibi amelifungua mwenyewe, baada ya sala.
"Lete kidude chako, mjukuu wangu. Kama naitwa, nisikie."
Kila alichokitoa nilikipima nje ya chumba. Sanda: ta, kimya. Marashi: kimya. Chini kabisa, ndani ya leso, vile vifuko vya nyuzi nyeupe vinavyofungwa kwenye taa ya karabai ili iwake. Vya marehemu Babu, alipokuwa akivua dagaa Makangale. Hapo kidude kikapiga kelele.
Bibi amecheka mpaka akakaa chini.
"Kumbe ni mume wangu. Hata uhai wake alikuwa hanyamazi."

Jumamosi, 9 Machi
Mwalimu anasema vifuko vya zamani vilitiwa madini ya kuzidisha mwanga, na madini hayo yana mionzi. Nimevitia mkebeni, nimeuweka bandani. Chumbani sasa: ta, kimya, ta. Bibi amekula wali. Halafu ameuliza kama banda linavuja. Baadaye ameuliza tena.
Sielewi kama nimemponya au nimemnyang'anya. Nimeandika swali kwenye karatasi. Jumatatu nitampa Mwalimu, na siondoki mpaka anijibu: Bibi anamtaka Babu karibu. Karibu kiasi gani hakuna madhara?