Jino Lisilobebeshwa Mzigo

3 Machi 2011

Mwanangu mpenzi,

Marahaba ya mapema, maana najua ungeniamkia. Mimi mzima, ila mgongo tu unajifanya mwenye nyumba. Wewe hujambo? Mkwe wangu hajambo?

Lile jino la mbele lililovunjika limeng'olewa jana. Najua uliniagiza ningoje pengo lipone, kisha nivae meno ya kuvua kama ya marehemu baba yako. Sikungoja. Daktari aling'oa, akapandikiza skrubu palepale kwenye mfupa, na kabla sijashuka kitini akanivika jino juu yake. Niliingia nimeziba mdomo, nikatoka nacheka na mlinzi wa getini.

Sharti ni moja: jino lisibebeshwe mzigo kwa miezi mitatu, ili mfupa uikamate skrubu. Nami ni mtiifu. Ndoo ya maji ananibebea jirani, majora ya vitambaa wanabeba wateja wenyewe. Mimi nakaa kwenye cherehani yangu, nashona, nakata uzi kwa meno, basi.

Mama yako


20 Machi 2011

Shikamoo mama,

Huku sote wazima, lakini barua yako nimeisoma nimesimama. Mama, mzigo ni kuuma! Ni kutafuna! Daktari hakuwa anasema habari za ndoo. Acha kukata uzi kwa jino hilo leo hii.

Na kwa nini hukunisikiliza? Haraka haraka haina baraka. Jino la siku moja halifiki mbali, na kwa umri wako, mama, ya nini? Nani anakutazama? Rudi kwa daktari alitoe kabla halijakuaibisha.

Mwanao


9 Aprili 2011

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, yaani mimi na jino langu.

Ni kweli lilikuwa limeanza kucheza. Nilikwenda kwa daktari roho mkononi. Akakuta kilicholegea ni kofia tu, yaani lile jino la kuvikwa juu, skrubu yenyewe imeshika. Nilipomweleza habari za uzi na ndoo, alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akanikaripia, na alikuwa na haki.

Wewe huna. Unauliza nani ananitazama? Najitazama mwenyewe! Baba yako, Mungu amrehemu, aliyavua meno yake kila alipotaka kula, akayavaa kupigiwa picha. Mimi nataka kula na kucheka kwa meno yaleyale. Uzee haukuomba ruhusa kwako ulipokuja kwangu, nami sitakuomba ruhusa ya kucheka. Likidondoka, litadondoka kinywani mwangu. Usiniandikie tena habari za jino hili.

Mama yako


2 Juni 2023

Shikamoo mama,

Natumaini mgongo umepoa. Mengine tunayasema kwenye simu, lakini hili naona haya hata kulitamka. Nimeteleza bafuni, jino la mbele limevunjika mpaka kwenye mzizi. Daktari anasema anaweza kung'oa na kupandikiza siku hiyohiyo, au ningoje. Darasani nafundisha nimeziba mdomo, wanafunzi wanadhani nina mafua.

La kwako likoje sasa? Niambie nifanye lipi, mama, nami nitalifanya hilohilo.

Mwanao


18 Juni 2023

Mwanangu,

Marahaba, na pole sana. Nilisikitika, kisha nikacheka, Mungu anisamehe.

Langu lipo. Kofia imebadilishwa mara moja. Ufizi umepanda, chuma kinachungulia kidogo. Daktari alitaka kukifunika, nikamwambia akiache, hakijamkosea mtu. Mfupa umepungua pembeni, lakini skrubu haitikisiki. Nalisafisha kama sufuria ya mgeni na kila mwaka nakwenda likaguliwe. Ila jirani yangu naye aling'olewa na kupandikizwa kwa siku moja kama mimi, na lake likang'oka upesi. Mfupa wake ulikuwa mwembamba. Kwa hiyo kamuulize daktari habari za mfupa wako, usiulize wa mama yako.

Unataka nikuambie ufanye lipi. Sikuambii. Ungoje, usingoje, uvae ya kuvua, ukae na pengo lako: mdomo ni wako, mwanangu. Atakayekupangia, hata nikiwa mimi, mkatalie.

Mama yako