Aliyekamua Upande wa Kushoto

Rubondo, Nakivale
8 Machi 2004

Divine binti yangu,

Salamu mingi. Mama yako anakohoa kidogo, mgongo wangu unanisumbua, mengine hapa kambini Mungu anasaidia. Wewe na huko Kakoba mko namna gani?

Barua ya mjomba wako Grégoire imefika kutoka ile nchi ya kusini alikokimbilia. Barua nimeisoma mara moja. Stempu nimeitazama siku tatu. Wamechora mtu akikamua ng'ombe wa pembe ndefu kama wetu, lakini amechuchumaa upande wa kushoto! Nani kwetu amewahi kukamua kushoto? Ng'ombe angempiga teke, maziwa yamwagike. Wanatembeza mifugo yetu dunia nzima juu ya bahasha na hawakuuliza hata mfugaji mmoja! Nimeiandikia posta ya nchi hiyo kurasa nne. Jibu litapitia sanduku la duka lenu, hapo Mbarara.

Baba yako

Kakoba, Mbarara
2 Aprili 2004

Papa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Dawa ya Mama nimempa dereva wa pikapu.

Unauliza nani kwetu amewahi kukamua kushoto. Kaka yangu Patient. Ulimpiga kwa ajili ya mkono ule wa kushoto mpaka fimbo ikavunjika. Tangu atoroke mwaka 1996, jina lake halitajwi nyumbani. Nitumie hiyo stempu. Na hizo kurasa nne, Papa, tafadhali usizitume.

Binti yako

Rubondo
19 Aprili 2004

Divine,

Hatujambo. Kurasa zile zilikwenda siku ile ile niliyoziandika.

Stempu hii hapa. Nimeazima miwani ya mchungaji, nikaona sikio la kuume limekatika ncha. Ni Gaju, ng'ombe wetu yule aliyeumwa na mbwa. Mgeni angejuaje? Siku tatu nzima nilikuwa natafuta kosa tu. Mama yako amelia, sasa hasemi nami.

Uliza posta kila siku.

Baba yako

Rubondo
21 Juni 2004

Divine, leo sina nguvu za salamu. Hakuna kitu bado?

Baba yako

Kakoba
6 Agosti 2004

Papa, keti kwanza. Na Mama akae karibu.

Wamejibu. Wanakushukuru, eti mzee mjuzi umewafumbua macho. Stempu imeondolewa, mchoraji amefukuzwa. Walimpa barua yako asome, ajitetee. Aliomba aichukue, kurasa zote nne, akaenda zake. Hawajui aliko.

Papa, ulimwandikia nini?

Divine

Rubondo
14 Agosti 2004

Divine,

Mama yako hajambo, anafagia nyumba tangu jana.

Niliandika kwamba aliyechora vile hakuwahi kuwa na baba wa kumfundisha.

Lakini mwishoni niliweka jina langu lote, na fasi ninapokaa, na njia ya kufika kutoka kisimani, maana nilitaka waje tubishane uso kwa uso. Sasa kila baiskeli ikipita natoka nje.

Leo asubuhi nimemwomba jirani ng'ombe wake, nikachuchumaa kushoto. Hakunipiga teke. Alitulia tu, akatoa maziwa.

Baba yenu