Punguza Nywele za Chambo

Mjukuu wangu Wambui,

Huku Nyeri hatujambo, ila mvua imechelewa. Unauliza kwa nini chambo cha nywele ulichofunga cha kuvulia mbuta kinazama kama soksi, na mnunuzi anakuja Jumamosi.

Siku niliyojaribiwa kazi ya kufunga chambo kiwandani, nilijaza nywele za mbuzi kwenye ndoana, nikidhani samaki mkubwa anataka mwili mnene. Msimamizi akakitumbukiza chambo changu kwenye beseni la maji, kikazama.

“Ati hii ni samaki ama ni kuku imenyeshewa?” akacheka Nyambura, jirani yangu mezani.

Nikapunguza nywele hadi mwanga ukapita katikati. Majini nywele zikatanuka, chambo kikaogelea.

“Kesho uje mapema,” msimamizi akasema.

Punguza, Wambui, hata mkono ukikataa. Jumamosi siendi shambani. Nitakaa karibu na simu.

Cucu wako