Fa Iliyokwama

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila salamu.

Tangu tulipokuzika pale migombani Akheri, kanisani wanatumia kinanda cha umeme. Kile chako cha kukanyaga kimesukumwa nyuma, na juu yake wamepanga vitabu vya nyimbo. Mimi bado niko huku mjini, Lemara. Nikitoka kazini nawasha kompyuta, natafuta muziki wa kinanda, angalau nimsikie mtu anayepiga kama wewe. Hayupo.

Juzi nikakutana na kitu cha ajabu. Kumbe zamani huko Ulaya zilikuwepo piano za kujipiga zenyewe! Mpigaji alipiga mara moja tu, mapigo yake yakatobolewa kwenye karatasi ndefu, na karatasi ikipita ndani ya piano, kila tundu linatoa sauti yake. Sasa watu wamezipiga picha karatasi hizo, kompyuta ikasoma matundu yake, wakaziweka mtandaoni zisikike. Nikabonyeza. Aliyepiga alikufa kabla wewe hujazaliwa, Baba, lakini alikuwa sebuleni kwangu, anaharakisha mahali pa kutulia, kama unavyo... kama ulivyokuwa ukifanya ubeti wa mwisho ili watu wasisinzie.

Katikati karatasi imechanika. Sauti mbili tatu zikagongana vibaya. Hawakuficha. Wameandika tu kwamba hapo imechanika, wakaiacha hivyo hivyo.

Hapo nikalia, na nililia kwa hasira.

Maana kila nilipotoa simu nikurekodi, ulisema, "Ngoja kwanza fa itengenezwe, mwanangu. Utanitia aibu." Ile fa ya kinanda chako iliyokuwa inakwama, ukiibonyeza hairudi mpaka uiinue kwa kidole, huku mkono wa pili unaendelea na wimbo. Nami nikairudisha simu kwenye mkoba. Fundi wako wa vinanda kule Levolosi akasema kesho, nasi tukamwamini kama watu wenye kesho za kumwaga. Simu yangu imejaa harusi za watu, ina hadi video ya mbuzi wa jirani. Ya kwako hakuna hata moja. Vidole vyako navikumbuka, soksi zako zikikanyaga nazikumbuka, lakini sauti yenyewe imeanza kunitoka. Naumia, Baba. Ningetoa chochote nikusikie na fa yako mbovu.

Mama bado anauimba ule wimbo uliomtungia, akiwa anamenya ndizi. Wiki iliyopita nilimwambia nataka kumrekodi. Akacheka, akafunika mdomo kwa kanga: "Ngoja kwanza niwekewe meno."

Pumzika, Baba yangu. Jumamosi napanda Akheri na simu yangu, na hili nakuahidi: Mama ataimba bila meno.

Mwanao,
Anaeli