Sauti ya Sefu

Muscat, 9 Mei 1994

Mwanangu Mejumaa,

Assalaam aleikum. Naomba waraka huu uwakute salama, wewe na mjombako Athmani na majirani wote wa Kibokoni. Mimi ni mzima, ila miguu hulalama ikifika jioni.

Kaseti zako nimezipata. Baada ya adhuhuri bibi wa nyumba hulala, nami hubaki na pasi na nguo za watu wake wote. Mikono iko kazini, masikio yako bure. Naweka kaseti, unaanza kunisomea kile kitabu chetu cha Zuwena na Sefu, na mvuke wa pasi unanichukua mpaka nyumbani. Nyuma ya sauti yako nasikia kunguru wetu wa paani, na mwenye kahawa akigonganisha vikombe chini ya dirisha. Mara nyengine nasimama sijui niko nchi gani. Nimeshaunguza foronya.

Bibi wa nyumba hajui Kiswahili. Aliniona nikifuta machozi pale Zuwena anapokatazwa na babake asimwone tena Sefu, akadhani nasikiliza mawaidha. Sasa ananisifu kwa wageni kwamba nina khofu ya Mungu. Namwacha asifu.

Lakini nikwambie kweli, mwanangu. Zuwena unamweza, Sefu humwezi. Ukifika kwake unakaza koo, anatoka kama kijana aliyebaleghe jana. Mwanamume wa kukatazwa lazima awe na sauti ya kumtia mzazi wasiwasi. La sivyo babake Zuwena ana haki, na hadithi imekwisha. Mwambie Athmani akusaidie kumsoma Sefu.

Mamako

*

Mombasa, 17 Juni 1994

Mama yangu mpenzi,

Wa aleikum salaam, na shikamoo yako. Huku sote wazima, na mvua imetuachia ukuta wa jikoni ukitoa jasho.

Mjomba nilimfuata kibandani kwake Mwembe Tayari, katikati ya maredio mabovu. Alisoma ukurasa mmoja. Pale Sefu anaposema, “Zuwena, usingizi umenihama,” yeye alisoma kama anayetangaza maziko. Kisha akavua miwani. “Mejumaa, mimi n’na wajukuu. Maneno haya yataka mtu mwenye meno yote.”

Kwa hivyo kitabu akampa kijana mmoja anayepita kibandani akitoka kazini, yule anayewasomea gazeti abiria wanaongoja mabasi ya bara. Usiwe na wasiwasi, mambo yote ni ya heshima. Sijaketi naye. Yeye anarekodi maneno ya Sefu nyumbani kwake huko Mbaraki, anazima pale Zuwena anapotakiwa kujibu, na mjomba ananiletea kaseti na kitabu ndani ya kikapu cha mikate. Mimi naendelea mpaka zamu ya Sefu, kisha kikapu kinarudi. Kuna siku kaseti ilivuka mji mzima kwa ajili ya Zuwena kusema “Ndiyo,” basi.

Utuambie kama inafaa.

Mwanao

*

Muscat, 30 Agosti 1994

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Afya yangu njema, alhamdulillahi, na joto la huku sina haja ya kukuelezea.

Inafaa? Mejumaa, nimeunguza kanzu ya mwenye nyumba! Nimerudisha kaseti nyuma mpaka utepe umelegea, nikaukaza kwa kalamu. Huyo kijana hana sauti ya redioni. Ana sauti ya mtu asiye na haraka. Akifika penye neno zito halisemi papo hapo. Analizunguka kwanza, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. Nami huku nimeshika pasi hewani, nangoja. Kitabu ni kilekile nilichokisoma kwa kujificha nikiwa msichana, lakini wallahi sikujua kwamba Sefu anaogopa. Siku zote nilidhani ni jeuri tu. Huyu amenionyesha.

Kiswahili chake ni kizuri, ila si mtu wa pwani. Anapita juu ya maneno kwa adabu, kama mgeni kwenye mkeka wa watu.

Nasikia mengine pia. Nyuma ya sauti yako kuna kunguru, nyuma ya yake kuna honi za meli, na baina yenu kitufe kinalia, ta! Ta, niko Kibokoni. Ta, niko Mbaraki. Mchana kutwa mwanipeleka na kunirudisha, nami nimesimama papo hapo kwenye meza ya pasi.

Na nasikia jambo jengine. Zamani ulikuwa ukimsoma Zuwena kwa ajili yangu. Siku hizi unamsomea mtu mwengine. Pale anapomwambia Sefu “Nitakungoja,” mtu anayesoma kitabu havuti pumzi namna ile. Mimi ni mamako, pumzi zako nazijua tangu hujazaliwa.

Ni nani huyo?

Mamako

*

Mombasa, 3 Oktoba 1994

Mama yangu,

Shikamoo. Naomba uwe mzima, na naomba ukae kitako kabla ya kusoma.

Anaitwa Ronald Oloo. Ni karani bandarini. Kwao ni Kisumu, babake alikuwa mtu wa reli, naye Oloo aliletwa hapa akiwa mdogo. Ni Mkristo. Nimeyaandika yote kwa mpigo ili nisipate nafasi ya kuogopa.

Sikukudanganya, hatujaketi pamoja. Nimemwona mara moja tu, siku niliyompelekea mjomba chakula. Nilimjua kabla sijamwona, kwa sauti, alikuwa akisoma habari za bei ya sukari. Nikamwambia mjomba, “Chakula chako hiki,” na gazeti likanyamaza katikati ya sentensi. Watu wakamwambia aendelee. Hakuweza.

Wiki iliyopita alimwendea mjomba, akaomba ruhusa ya kuleta wazee wake. Mjomba aliangusha bisibisi. Tangu hapo anasema tu kwamba wa kujibu ni wewe.

Mama, nampenda. Nataka radhi yako. Bila radhi yako sitatoka nje ya mlango huu.

Mwanao

*

Muscat, 1 Novemba 1994

Mejumaa,

Salamu. Mimi ni mzima.

Jawabu ni hapana. Sikuja huku kupigia pasi watu wa watu ili wewe nyuma yangu uolewe na mtu tusiyejua kwao wala dini yake si yetu. Mwambie Athmani niliomba msomaji, sikuomba mkwe.

Kitabu kimalize peke yako.

Mamako

*

Mombasa, 15 Januari 1995

Mama,

Assalaam aleikum. Sisi ni wazima.

Kaseti ya sura ya mwisho ni hii. Nimesoma mwenyewe, sauti zote, kama ulivyotaka. Oloo nilimtumia neno kwa mjomba, na tangu siku ile hapiti tena kibandani. Abiria wanalisoma gazeti kila mtu kimyakimya.

Nakutakia Ramadhani ya kheri.

Mwanao

*

Muscat, 10 Machi 1995

Mwanangu Mejumaa,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Mwili ni mzima. Moyo ndio uliokaa vibaya, na ndio ninaokuandikia.

Ramadhani nzima sikuigusa kaseti, maneno ya huba na saumu havipatani. Sikukuu ilipopita, nikaiweka. Sefu anarudi, Zuwena anashuka ngazi na kumfungulia mlango, na babake amesimama juu anatazama. Hapo ndipo nilipopangoja muda wote huu. Na sikusikia kitu. Nguo zote nilizipiga pasi, hata moja haikuungua. Bibi wa nyumba akaniuliza mbona leo mawaidha hayakulizi.

Nilidhani ni Sefu aliyekosekana. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, na anayekosekana ni Zuwena. Umesoma kila neno, hukukosea hata mahali pamoja, na ndani yake hamna mtu. Hata kunguru walilia peke yao. Ndipo nilipolia, na safari hii hakikuniliza kitabu. Niliogopa kwamba nitarudi nyumbani nikute sauti hiyo ndiyo inayonipokea mlangoni.

Mwaka mzima nimemlaani babake Zuwena, na maneno yake nimeyaandika mimi, kwa kalamu yangu, nikakutumia.

Sasa nisikilize. Dini siichezei. Mwambie kijana akakae na sheikh. Asiingie kwa ajili yako, wala sheikh asimharakishe. Aulize mpaka achoke kuuliza. Moyo wake ukikubali, alete wazee wake kwa Athmani, mchana, watu waone. Moyo huo usipokubali, tutalia sote wawili, nami sitamsema kwa ubaya hata siku moja, kwa sababu amenisomea vizuri.

Radhi yangu unayo. Ningekupa mapema, lakini mamako ni mzito kuelewa mpaka asomewe.

Mamako anayekupenda

*

Mombasa, 2 Septemba 1995

Mama yangu kipenzi,

Wa aleikum salaam, na shikamoo mara zote nilizokosa kukuamkia. Mjomba mzima, mimi mzima, na ukuta wa jikoni umepakwa chokaa.

Waraka wako wa Machi niliulalia wiki nzima chini ya mto. Oloo alikwenda kwa sheikh, na sheikh akamrudisha nyumbani mara mbili akafikiri tena. Mwezi uliopita akasilimu, kwa hiari yake. Mamake alinuna, kisha akaja yeye mwenyewe na basi la Kisumu, amebeba jogoo. Posa imepokewa. Ndoa inakungoja wewe umalize mkataba, wala usituambie tusikungoje, maana hatutakusikia.

Bi Mbodze, aliyekuja likizo, anarudi huko kazini, amekubali kukuletea kaseti hii. Ni sura ya mwisho, upya. Mjomba alikuwa ameketi kati yetu na tasbihi yake, na pale Zuwena anapofungua mlango utamsikia akikohoa. Anasema ni vumbi. Zima pasi kwanza, mama, ndio uisikilize.

Kitufe hakilii popote. Na Sefu akianza kusema, tega sikio vizuri. Honi za meli hazipo. Nyuma ya sauti yake kuna kunguru.

Mwanao