Majani ya Mlimau

4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Habari za hapo nyumbani? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila shughuli zimenibana.

Ile picha niliyopiga kwenye mlimau wako, ndege akiwa amewatanulia makinda mabawa, imechaguliwa kwa maonyesho makubwa. Nimeiita "Kumbatio la Mama". Watu wakiiona wanatoa machozi. Sasa wanataka maelezo mafupi ya tabia za ndege huyo, nami nilikaa hapo asubuhi moja tu. Wewe ni mstaafu, dirisha la jikoni unalo na muda unao. Niandikie aya moja. Ila zile picha zako za simu usinitumie, tafadhali. Ni ukungu mtupu.

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Mgongo unauma kama kawaida, na barua yako haijaupunguzia kitu.

Nakutumia hizo picha za ukungu. Nilikuwa napiga kila nikichemsha chai, dirisha lile lile. Zipange mezani kwa tarehe. Kabla hujaja, utaona majani na ncha ya mkia, basi. Ndege hajatanua bawa hata mara moja. Kisha ukaja wewe, ukaazima mkasi wangu wa jikoni, ukafyeka majani yote mbele ya kiota eti unataka mwanga. Nilikukataza. Ukacheka, ukaniambia niendelee na chai yangu.

Tangu saa ile jua likawa linaingia kiotani, naye akasimama juu ya makinda, mabawa wazi, mdomo wazi, akihema. Hakuwa anakumbatia mtu, bwana mkubwa. Alikuwa anawakinga na jua uliloliingiza wewe. Kesho yake kunguru akawaona kutoka kwenye paa la jirani. Picha ya mwisho ni kiota kitupu. Hiyo haina ukungu.

Ulikaa mbele ya kiumbe anayeteseka, na kamera yako yote hiyo, ukaona mapenzi. Nakudharau, na naandika hivyo waziwazi usije ukasema hukuelewa. Aya yako ndiyo hii. Itundike.

Dada yako

19 Machi

Dada,

Shikamoo. Natumai hujambo.

Nimezipanga. Ni kweli ulivyosema. Lakini mialiko imeshachapwa na fremu imeshatengenezwa. Nikiitoa sasa, sitaitwa tena popote. Ni ndege tu, dada. Maelezo nimeandika mwenyewe, kuhusu mapenzi ya mama. Nani atajua?

Mdogo wako

2 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku hatujambo, mimi na mlimau wangu.

Nilikuja ukumbini. Hukuniona, ulikuwa unapigwa picha. Nilisimama mbele ya hilo kumbatio lako, karibu na mama mmoja aliyekuwa anafuta machozi, nikamweleza kwa nini ndege yule amefungua mdomo. Akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mumewe. Nilipoondoka walikuwa wamejaa pale, na hakuna aliyekuwa analia. Nasikia sasa wanakuuliza maswali. Wajibu.

Nakutumia picha ya leo asubuhi. Utaona majani tu. Ndege amerudi na yumo humo humo, nami sikugusa hata jani moja. Sijawahi kupiga picha nzuri kama hii.

Ukitaka kuja, njoo mikono mitupu. Mkasi nimeuficha.

Dada yako