Swali la Saba

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za mdogo wako, mzima wa mwili ila halali vizuri tangu Jumanne. Goti lako vipi? Shemeji ameacha kulikanda kama anakanda unga? Watoto hawajambo? Mimi chumba ni kile kile, dirisha bado halifungi, na mwenye nyumba bado anaahidi.

Habari kubwa ni kwamba kuna hospitali inataka kuniajiri kutakasa vifaa vya upasuaji, kazi ile ile niliyoifanya miaka kumi na moja kabla hawajafunga kitengo chetu. Usaili nimepita. Kilichobaki ni fomu ya mdhamini, ijazwe na bosi wangu wa zamani na iwafikie kesho Ijumaa, kabla ya saa sita mchana.

Basi nikamwandikia yule mama barua pepe. Niliianza mara tano. Ya kwanza ilikuwa na unyenyekevu mwingi mpaka ikafanana na barua ya kuomba radhi. Ya tano ilisema shida yangu tu, nikabonyeza kabla sijabadili mawazo. Akajibu kwa furaha, akaniita mwanangu, akasema macho yake yamechoshwa na fomu, nijaze mwenyewe kila swali, yeye atatia sahihi. Akaongeza kuwa hana wasiwasi nami hata chembe.

Nikajisifu, dada, lakini kwa kiasi. Kwenye uaminifu nilijipa nne kati ya tano, ili nionekane mwaminifu. Nikafika swali la saba: je, mwombaji amewahi kufanya kosa lililohatarisha mgonjwa? Hapo nikaiweka simu chini.

Hili sijawahi kumwambia mtu. Kazini rafu ya kushoto ilikuwa ya vifaa vinavyosubiri mashine ya mvuke, ya kulia ya vilivyokwisha kutoka. Kila furushi lina utepe mweupe. Likipita kwenye mvuke, utepe unatoa mistari myeusi. Siku moja kushoto kulijaa, nikaweka furushi moja kulia, kwa dakika tu, nikaenda kufungua mashine. Kurudi, halipo. Muuguzi wa chumba cha upasuaji alikuwa amelibeba, na huko hawakuangalia utepe, kwa sababu kwangu hakijawahi kutoka kifaa kibaya. Nilikimbia hadi mlangoni kwao. Taa nyekundu ilikuwa inawaka, wameshaanza. Nikageuka, nikarudi kwenye mashine yangu.

Mgonjwa alikuwa fundi baiskeli. Siku tisa nilipita wodini nikijifanya nimepotea njia, namchungulia kama ana homa. Siku ya nne alinipungia mkono. Ya sita akamuuliza muuguzi kama mimi ni ndugu yake aliyefichwa na familia. Ya tisa akatoka kwa miguu yake, akiulalamikia mto wa kulalia.

Sasa nikwambie lililo moyoni. Kwenye swali la saba niliandika hapana. Yule mama akarudisha fomu baada ya dakika nne, yaani hakusoma hata jina langu. Nilipoiona sahihi yake chini ya uongo wangu, niliogopa kuliko siku ile mlangoni. Sikuituma. Jana asubuhi nikamwandikia tena, nikamweleza yote, nikabadilisha jibu kuwa ndiyo, nikamwomba safari hii asome kabla ya kutia sahihi.

Leo ni Alhamisi, jua linazama, na hajajibu. Nadhani anasoma.

Ile fomu ya kwanza bado iko kwenye simu, sahihi inang'aa, kuituma ni kubonyeza mara moja tu. Ndiyo maana nakuandikia kwa kalamu, dada. Nimekipa kidole kazi nyingine.

Shemeji msalimie, ila haya usimsomee. Wanao wabusu mmoja mmoja, na goti lako usilipandishe ngazi bila sababu.

Ni mimi, mdogo wako mwoga,
Kijiti